Picha Bila Jibu Haitibu: Mjadala wa Saratani ya Matiti Keringet

Hoja iliyo mezani ni hii: Keringet ikipata fedha leo za kupambana na saratani ya matiti, ianze na nini? Inunue mashine ya mamografia, ile eksirei maalumu ya matiti? Au iwafunze wauguzi wake kupima kwa mikono na kuwapa mashine ndogo ya ultrasaundi? Wapo watakaosema hilo ni swali la wataalamu wa Nairobi. Sivyo. Jibu lake litaamua ni mama yupi atakayetibiwa uvimbe ukiwa mdogo, na ni yupi atakayefika hospitalini kidonda kimeshafunguka kifuani.

Tatizo lenyewe si dogo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilikadiria kuwa mwaka 2022 Wakenya zaidi ya 7,000 walipatikana na saratani ya matiti, na zaidi ya 3,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Hakuna saratani nyingine inayowapata Wakenya wengi kuliko hiyo. Wagonjwa wengi hufika kwa daktari ikiwa imeshaingia hatua ya tatu au ya nne.

Keringet iko Kuresoi Kusini, kwenye nyanda za baridi za Kaunti ya Nakuru, jirani na msitu wa Mau. Watu wake wanaishi kwa chai, viazi na maziwa. Hospitali ya rufaa, ambayo wazee bado wanaiita PGH, iko Nakuru mjini, na matatu za kwenda huko hupitia Molo, Elburgon na Njoro.

Mjadala huu nimeupanga kwa sauti nne. Simnukuu mtu yeyote; nimekusanya hoja zinazosikika kwenye vituo vya afya, kwenye vikao vya bajeti na katika kazi za watafiti, nikaipa kila moja msemaji wake. Yupo Mheshimiwa, mwakilishi wa wadi. Yupo Sista, muuguzi wa kituo cha afya. Yupo Mtafiti, kijana wa huku huku aliyesomea picha za kitabibu. Na yupo Mama, aliyeugua akatibiwa. Mimi ni msimamizi, na mwishoni nitasema niliko.

Duru ya kwanza: mashine au mikono?

MHESHIMIWA: Nianze mimi, kwa sababu lawama zote huishia kwangu. Mama wa Keringet akitaka kupigwa picha ya matiti, anaamka gizani, anaacha ng'ombe hawajakamuliwa, anapanda gari hadi Molo, anabadilisha, anafika Nakuru foleni imeshajaa. Akiambiwa arudi kesho, hana pa kulala. Wananchi wangu nao ni walipa kodi. Mashine ije hapa, tuimalize safari hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tukileta mashine karibu, hakuna atakayeficha.

SISTA: Mheshimiwa, mashine za karibu tumewahi kuletewa. Mwaka 2015 Serikali Kuu ilianza mpango wa kukodi vifaa vya hospitali, ukafika hospitali 98 nchini, na mashine za mamografia zilikuwemo. Mwaka 2020 kamati maalumu ya Seneti ilipouchunguza mpango huo, ilikuta vifaa vimelala katika kaunti kadhaa. Mahali pengine hapakuwa na wataalamu, pengine chumba au umeme. Mamografia inahitaji umeme usioyumba, mpiga picha aliyesomea kazi hiyo, daktari wa radiolojia wa kuisoma picha, na fundi wa kuihudumia. Ukikosa kimoja tu kati ya hivyo, umenunua fanicha.

MHESHIMIWA: Kwa hiyo tusubiri mpaka tuwe kama Nairobi ndipo tupate chochote?

SISTA: Sisemi tusubiri. Nasema tuanze na kinachofanya kazi siku kinapofika. Mimi nina mikono. Mama akija kupima presha au kuleta mtoto kliniki, ninaweza kumpima matiti siku hiyo hiyo. Namlaza chali, mkono mmoja nyuma ya kichwa. Natumia nyama ya vidole vitatu vya katikati, si ncha zake. Nazungusha miduara midogo: kwanza juu juu, halafu kwa nguvu kiasi, halafu nabonyeza mpaka nihisi mbavu. Naenda kwa mistari, napanda na kushuka, kutoka mtulinga mpaka chini ya titi, kutoka kwapani mpaka katikati ya kifua. Kisha kwapa lenyewe. Halafu namkalisha nimtazame: ngozi imebonyea mahali? Chuchu imeingia ndani? Kuna sehemu ngozi imevimba na kufanya vitundu? Ni kazi ya dakika chache, lakini ukiifanya haraka umeiharibu.

MSIMAMIZI: Mtafiti, kazi yako ni picha. Mikono inatosha?

MTAFITI: Haitoshi peke yake, na sitaki tuidharau mamografia kwa sababu tu ni ghali. Mwaka 1913 daktari mpasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alipiga eksirei maelfu ya matiti yaliyokuwa yamekatwa, akaona kwamba saratani huacha alama ambazo mkono hauwezi kuzihisi. Nguvu ya mamografia ni hiyo: kuona chembe ndogo za chokaa na vivimbe kabla mama mwenyewe hajajua. Kule Sweden, jaribio la kaunti mbili lililoanza 1977 chini ya László Tabár lilitoa matokeo mwaka 1985: waliokaribishwa kupigwa picha walikufa kwa saratani ya matiti kwa kiwango cha chini kwa asilimia 31 kuliko wasiokaribishwa. Mwongozo wetu wa kitaifa wa 2018 nao unapendekeza mamografia kwa wanawake kuanzia miaka 40.

SISTA: Na Kanada?

MTAFITI: Ni haki yako kuuliza. Kanada walianza mwaka 1980 na wanawake 89,835 wa miaka 40 hadi 59. Nusu walipigwa mamografia kila mwaka. Matokeo ya miaka 25 yalipotangazwa mwaka 2014, vifo vilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Utafiti huo umekosolewa sana, na mabishano hayajaisha. Lakini liko jambo moja ambalo halibishaniwi, nalo linatuhusu sisi moja kwa moja. Titi la mwanamke kijana limejaa tezi, na tezi kwenye mamografia huonekana nyeupe. Saratani nayo huonekana nyeupe. Ni sawa na kumtafuta ng'ombe mweupe ndani ya ukungu wa asubuhi wa Mau. Wagonjwa wa Kenya wengi ni wanawake wa miaka arobaini na kitu, na wengine hawajafika huko. Kwa hiyo mashine iliyowasaidia bibi wa Sweden haitafanya kazi hivyo hivyo kwa mabinti wa Keringet.

SISTA: Basi niwape mfano wa wanaofanana nasi zaidi. Mumbai, India, kuanzia 1998, wanawake zaidi ya 150,000 wa miaka 35 hadi 64 waliingizwa kwenye utafiti. Kundi moja lilipimwa matiti kwa mikono kila miaka miwili, na waliopima hawakuwa madaktari, walikuwa wahudumu wa afya ya msingi waliofunzwa. Matokeo yalichapishwa 2021, baada ya miaka 20. Saratani ziligunduliwa zikiwa changa zaidi, na kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30.

MTAFITI: Na kwa walio chini ya miaka 50, Sista?

SISTA: Kwao vifo havikuonekana kupungua.

MTAFITI: Hapo ndipo penye shida. Wagonjwa wetu wengi ndio hao hao. Mikono inaleta mama kliniki mapema, nakubali. Lakini kwa kijana, ukishahisi uvimbe, unahitaji jicho la pili hapo hapo, na jicho hilo ni ultrasaundi. Haina mionzi, haiminyi titi, na zipo ndogo za kubeba mkononi zinazotumia betri. Ukikiweka kifaa cha kupimia juu ya uvimbe, mfuko wa maji unaonekana mweusi tii, kingo zake laini, na nyuma yake pameng'aa kwa sababu sauti imepita bila kuzuiwa. Uvimbe wa saratani mara nyingi una kingo zilizochongoka, umesimama zaidi ya ulivyolala, na nyuma yake umeacha kivuli. Vivimbe vingi vya matiti si saratani. Ultrasaundi inamrudisha nyumbani mwenye mfuko wa maji akiwa na amani, na inampa mwenye dalili mbaya nafasi ya mbele kwenye foleni.

MHESHIMIWA: Lakini nani ataishika hiyo ultrasaundi? Umesema mwenyewe kila mara kwamba madaktari wa radiolojia ni wachache mno, na wengi wamejazana Nairobi na miji mikubwa.

MTAFITI: Ishikwe na Sista. Waganda walishathubutu. Nawanyago, katika wilaya ya Kamuli, mwaka 2010 mradi wa Imaging the World uliwafunza wakunga wa kituo cha afya kupiga ultrasaundi ya wajawazito kwa kufuata hatua maalumu, na picha zikatumwa kwa mtandao wa simu zikasomwe na wataalamu mbali. Profesa Michael Kawooya wa Kampala alikuwa miongoni mwa walioisimamia kazi hiyo ya utafiti. Wajawazito wanaohudhuria kliniki waliongezeka, na wanaojifungulia kituoni pia. Kama mkunga anaweza kuonyeshwa pa kupitisha mashine kwenye tumbo, muuguzi anaweza kuonyeshwa pa kupitisha kwenye uvimbe ambao mkono wake mwenyewe umeuhisi.

Duru ya pili: njia baada ya picha

MSIMAMIZI: Mama, umekaa kimya muda mrefu.

MAMA: Nilikuwa nasikiliza, mwanangu. Mheshimiwa ametaja methali ya mficha maradhi. Mimi sikuficha. Nilihisi uvimbe nikiwa nanyonyesha, nikaenda kuuonyesha. Nikaambiwa ni maziwa yameganda, nikapewa dawa ya maumivu. Niliporudi nilimkuta mtu mwingine zamu, na kwenye kadi hapakuwa na neno lolote kuhusu titi. Nikaanza upya. Tulipokubaliana kwamba si maziwa, nikaandikiwa picha mji mmoja, biopsi, ile sindano ya kunyofoa nyama ya kupimwa, mji mwingine, na majibu ya biopsi yakachukuliwa mahali pa tatu. Kila mahali nauli, kila mahali njoo wiki ijayo. Kwa hiyo mnaponiuliza mashine gani, mimi nauliza: nani atanipa jibu, na lini?

SISTA: Pole, Mama. Hilo la maziwa tunalisikia sana. Anayenyonyesha akija na uvimbe usioisha, ni lazima apimwe, asirudishwe na vidonge.

MAMA: Na watu wanasema tunachelewa kwa sababu ya dawa za kienyeji. Wako wanaokwenda huko, siwezi kubisha. Lakini wengi huenda huko baada ya kuchoka huku.

MTAFITI: Mama amegusa kiini. Shirika la Afya Duniani, kwenye mpango wake wa saratani ya matiti uliotolewa mwaka 2023, liliweka malengo matatu. Asilimia 60 ya saratani zigunduliwe zikiwa hatua ya kwanza au ya pili. Uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mama alipofika kituoni mara ya kwanza. Na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao. Ukiyatazama vizuri, hakuna hata lengo moja linalohesabu mashine. Yanahesabu wagonjwa na siku.

MHESHIMIWA: Siku 60 kutoka Keringet? Kwa barabara hizi wakati wa mvua?

MTAFITI: Ndiyo, kwa sababu kuchelewa kuna bei. Utafiti uitwao ABC-DO uliwafuatilia wanawake wenye saratani ya matiti katika nchi za Afrika zikiwemo Uganda, Zambia na Nigeria. Baada ya miaka mitatu, nusu tu ndio waliokuwa hai. Watafiti wake walionyesha kuwa karibu theluthi moja ya vifo hivyo ingezuilika kwa kugundua mapema na kutibu vizuri.

SISTA: Nami niongeze kwamba picha haisemi ni saratani gani. Inasema pa kuchoma sindano. Nyama ikinyofolewa na kupelekwa maabara, mwanapatholojia ndiye anayetoa jina la ugonjwa. Ipo saratani inayolishwa na homoni, hiyo ina vidonge vyake. Ipo yenye protini nyingi ya HER2, hiyo ina dawa ya Herceptin. Na ipo isiyo na alama hizo zote, ambayo inawapata sana wanawake wa Kiafrika walio vijana, na hiyo hutegemea zaidi kemo, ile tiba ya kemikali. Usipopima nyama vizuri, unatibu kwa kubahatisha.

MAMA: Na hiyo Herceptin walikuwa wanaitaja kwa kunong'ona, kwa sababu ya bei.

SISTA: Mwaka 2025 Serikali ilikubaliana na kampuni ya Roche, bei ya kila awamu ikashuka kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000, na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Serikali, ndiyo inayolipa. Ni hatua kubwa. Lakini hawezi kuifikia mama ambaye nyama yake haijapimwa HER2.

MHESHIMIWA: Hapo mnaona kwamba pesa ipo. SHA ilipoanza kazi Oktoba 2024, saratani iliwekewa Sh550,000 kwa familia kwa mwaka: Sh400,000 kutoka mfuko wa bima na Sh150,000 kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu.

MAMA: Hizo ni za aliyekwisha kuambiwa kwamba ana saratani, Mheshimiwa. Kabla hujaambiwa, kuna picha, kuna sindano, kuna maabara, kuna nauli ya wawili, maana huwezi kwenda peke yako. Hapo mimi niliuza ndama na chama changu kikanichangia. Mwenzangu hakuwa na ndama. Alisubiri bonasi ya majani chai.

MSIMAMIZI: Na picha ikishagundua, kazi yake imeisha?

MTAFITI: Hata kidogo. Uvimbe ukiwa mkubwa, mgonjwa huanza kwa kemo ili usinyae kabla ya upasuaji. Tunajuaje kama unasinyaa? Tunaupima kwa ultrasaundi, mara kwa mara, upana na urefu. Ukikataa kusinyaa, daktari anabadilisha dawa mapema badala ya kumpotezea mama miezi. Baadaye kwenye tibamionzi, picha za CT ndizo zinazowaonyesha wataalamu njia ya kupitisha mionzi ili ilifikie titi na kuuepusha moyo na mapafu. Zamani mgonjwa wa huku aliyehitaji mionzi alitegemea Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, au safari nyingine ndefu kama hiyo. Sasa kituo cha saratani kilichojengwa Nakuru kina mashine ya mionzi. Hiyo ni fahari yetu. Lakini mashine hiyo inasubiri wagonjwa waliogunduliwa mapema, na hao wanatakiwa kutoka kwetu.

Duru ya tatu: akili unde na picha za mama zetu

MHESHIMIWA: Nimesikia kompyuta sasa inasoma picha kuliko daktari. Si hilo litatuondolea shida ya wataalamu?

MTAFITI: Ninaifanya kazi hiyo, na naiamini, kwa mipaka yake. Sweden, kwenye jaribio la MASAI lililoongozwa na Kristina Lång wa Lund, picha za wanawake zaidi ya 80,000 ziligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilisomwa na madaktari wawili kama kawaida, lingine kwa msaada wa akili unde. Matokeo ya kwanza yalitoka 2023: saratani zilizogunduliwa hazikupungua, zilizidi kidogo, na kazi ya madaktari ya kusoma picha ilipungua kwa asilimia 44. Kwa nchi yenye wasomaji wachache kama yetu, hiyo ni habari njema.

SISTA: Kwa nchi yenye picha za kusomwa. Sisi hata picha hatujapiga.

MTAFITI: Kweli. Na liko jambo jingine linaloniumiza zaidi. Regina Barzilay, profesa wa MIT aliyeugua saratani ya matiti mwaka 2014, alishirikiana na wenzake kutengeneza Mirai, programu inayotazama mamografia na kukadiria uwezekano wa mwanamke kupata saratani katika miaka inayofuata. Kazi kubwa, na ameifanya kwa uchungu wa mgonjwa. Mwaka 2021 waliipima kwa picha za hospitali saba katika nchi tano: Marekani, Israeli, Sweden, Taiwan na Brazil. Afrika haikuwemo. Kompyuta hujifunza kutokana na ilichoonyeshwa. Isipoonyeshwa matiti ya wanawake wetu, vijana, wenye aina zetu za saratani, itakuja kutuhudumia kwa mazoea ya kwingine.

MAMA: Kwa hiyo mnataka picha zetu.

MTAFITI: Ndiyo, Mama. Nazihitaji, na sitazunguka.

MAMA: Mimi sikukatazi, mwanangu. Lakini nikuulize. Watu wamekuja huku mara nyingi, wanapima, wanaandika, wanaondoka. Ukinipiga picha ukaona kitu kibaya, utanipeleka mpaka mwisho, au utaandika kitabu?

MTAFITI: Nina deni la kukujibu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inanitaka nipate ridhaa yako na nilinde siri yako. Lakini sheria hainilazimishi kukutibu. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba ridhaa peke yake haitoshi. Utafiti wowote wa picha utakaoanzia Keringet uandike kwenye mpango wake, na kwenye bajeti yake, biopsi ya kila mwenye dalili mbaya na nauli ya kumfikisha Nakuru. Mtafiti asiyeweza kulipia hilo asianze.

SISTA: Na mashine ibaki utafiti ukiisha.

MTAFITI: Ibaki, pamoja na aliyefunzwa kuitumia.

MHESHIMIWA: Mimi bado nina swali la kisiasa, na msinicheke. Mashine kubwa ikifunguliwa, watu wanaiona. Muuguzi akifunzwa, nani anaona? Nitawaambia nini wapiga kura?

SISTA: Waambie idadi. Bandika ukutani, kila baada ya miezi mitatu: wanawake wangapi walikuja na uvimbe, wangapi walipata majibu ndani ya siku 60, wangapi wameanza matibabu. Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 tangu 2023, wanaotembea nyumba kwa nyumba. Wa kwetu watazisambaza namba hizo kuliko bango lolote la ufunguzi.

MAMA: Nami nitasimama kwenye mkutano wako, Mheshimiwa, niseme nilipona. Wakiniona mimi, wameona kitu kikubwa kuliko mashine.

Uamuzi wa msimamizi

Nimewasikiliza wote wanne, na sasa ni zamu yangu kusema niliko.

Mheshimiwa ana haki kudai huduma isogee karibu. Amekosea tu kitu cha kusogeza kwanza. Mamografia ibaki Nakuru, iwe na wataalamu wake, na wanawake wa miaka 40 na zaidi wapelekwe huko kwa mpangilio. Kinachofaa kuja Keringet sasa ni muuguzi aliyefunzwa kupima kwa mikono, ultrasaundi ndogo ya kutazamia uvimbe uliohisiwa, na sindano ya biopsi katika hospitali ya karibu ya kaunti ndogo, pamoja na gari la kuisafirisha nyama hadi maabara siku maalumu kila wiki. Hayo yote, hata yakijumlishwa, hayahitaji jengo jipya wala mkataba wa kukodi vifaa.

Sista ana haki kuiamini mikono, na Mtafiti ana haki kusema mikono haiwatoshi vijana. Ushahidi wa Mumbai unawapa haki wote wawili. Ndiyo maana nawataka wakae chumba kimoja, mmoja ahisi, mwingine aonyeshe namna ya kutazama.

Lakini aliyeushinda mjadala huu ni Mama. Swali lake, nani atanipa jibu na lini, ndilo la kupimia kila mashine, kila bajeti na kila utafiti. Picha inayokaa kwenye faili bila kusomwa haijamsaidia mtu. Biopsi isiyorudi ni jeraha la bure. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa kaunti ni la bei ya kalamu: daftari la uvimbe wa matiti katika kila kituo, lenye tarehe mama alipofika, tarehe alipopigwa picha, tarehe ya majibu na tarehe ya kuanza matibabu. Anayevuka siku 60 bila jibu atafutwe kwa simu, na afisa wa afya aulizwe kwa nini.

Tulipofika hapa hatukufika kwa bahati. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya 2012 ilipiganiwa na watu kama Mary Onyango, mwasisi wa Kenya Breast Health Programme, aliyeugua saratani ya matiti mwenyewe na kufariki mwaka huo huo. Sheria ipo, bima ipo, mionzi ipo Nakuru. Kilichopungua ni zile hatua za katikati, kutoka mlangoni mwa mama hadi mlangoni mwa daktari wa saratani.

Nawe msomaji, mwanamke au mwanamume, maana wanaume nao huugua ingawa ni wachache sana: ukihisi uvimbe usioisha, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, au ngozi ya titi imebadilika, nenda kituoni wiki hii. Ukiambiwa si kitu, uliza wamejuaje. Ukipimwa, uliza jibu litatoka tarehe gani na nani atakupigia. Ziandike tarehe hizo kwenye kadi yako, na zikipita bila jibu, rudi ukadai. Hiyo ni haki yako.